Vyumba Vinavyojijenga: Kemia ya Molekuli Zinazopokea Molekuli Nyingine

Kemia inayofundishwa shuleni hujengwa, kwa sehemu kubwa, juu ya kifungo cha kovalenti, yaani muungano ambamo atomi mbili hushirikiana elektroni kiasi kwamba kuzitenganisha huhitaji nishati kubwa. Ndani ya seli hai, hata hivyo, kazi nyingi zilizo muhimu zaidi hufanywa na kani zilizo dhaifu kuliko hiyo: nyuzi mbili za DNA hushikana kwa vifungo vya hidrojeni, vimeng'enya hukamata molekuli inayofaa na kuiachia baada ya kuibadili, na magamba ya virusi hujipanga yenyewe kutokana na vipande vya protini vinavyoelea majini, bila fundi wala ramani ya kutoka nje. Tawi la sayansi linalochunguza miungano ya namna hiyo huitwa kemia ya supramolekuli, jina lililotolewa mwaka 1978 na Mfaransa Jean-Marie Lehn wa Strasbourg, na ndani ya tawi hilo limo eneo moja ambalo kwa takribani miongo mitatu limezaa matokeo makubwa kupita kimo cha vitu vyenyewe: kapsuli zinazojijenga kutokana na molekuli zenye umbo la pete.

Molekuli ya pete kubwa, ambayo wanakemia huiita makrosaikli, ni molekuli ambayo atomi zake, kwa kawaida kumi na mbili au zaidi, zimeungana kwa kuzunguka hadi ya mwisho ikashikana na ya kwanza, zikaacha uwazi katikati. Uwazi huo ukiwa wa kina na kuta zake zikiwa zimeinuka upande mmoja, molekuli hupata umbo la bakuli. Na mabakuli mawili, au sita, yakielekezana midomo na kushikana kwa vifungo dhaifu, hufanyika chumba kilichozibwa pande zote. Chumba hicho ndicho kapsuli. Molekuli zinazokijenga huitwa mwenyeji, na ile inayoingia ndani huitwa mgeni, na jambo linalowavutia watafiti ni kwamba mgeni aliyemo ndani, akiwa ametengwa na kimiminika kinachomzunguka, huwa na mwenendo tofauti na ule alio nao akiwa nje: hujikunja kwa namna asiyoizoea, hudumu kwa muda mrefu kuliko kawaida yake, au hugeuka kuwa kitu ambacho asingegeuka kuwa.

Wazo la kwamba umbo la molekuli moja linaweza kuchagua umbo la nyingine lina umri mrefu. Mwaka 1894 Mjerumani Emil Fischer alieleza uhusiano wa kimeng'enya na molekuli inayofanyiwa kazi kwa mfano wa kufuli na ufunguo, lakini ilichukua zaidi ya miaka sabini kabla mwanadamu hajatengeneza kufuli lake mwenyewe. Aliyefanikisha hilo alikuwa Charles Pedersen, mzaliwa wa Busan nchini Korea, mwana wa baba Mnorwei na mama Mjapani, aliyefanya kazi maisha yake yote katika kampuni ya DuPont ya Marekani na ambaye hakuwahi kupata shahada ya uzamivu. Akiwa anatafuta kitu kingine kabisa, alipata fuwele nyeupe kidogo sana, chini ya asilimia moja ya zao lililotarajiwa, ambazo mtu mwenye haraka angezimwaga pamoja na uchafu mwingine. Pedersen alizichunguza, akagundua kwamba ni pete ya atomi za kaboni na oksijeni yenye uwazi unaoikumbatia ioni ya potasiamu, na mwaka 1967 akachapisha habari za pete hizo alizoziita etha za taji. Lehn aliendeleza kazi hiyo kwa kutengeneza molekuli zinazoizingira ioni pande zote, na Donald Cram wa Los Angeles akatengeneza wenyeji walio wagumu zaidi, ambao uwazi wao huwa umekwisha kuandaliwa kabla mgeni hajafika. Watatu hao waligawana Tuzo ya Nobeli ya Kemia ya mwaka 1987.

Cram ndiye aliyekuwa wa kwanza kuufunga mlango kabisa. Mwaka 1985 alitangaza molekuli alizozipa jina lililotokana na neno la Kilatini la gereza, kwa sababu zilikuwa mabakuli mawili yaliyounganishwa kwa vifungo vya kovalenti, na chochote kilichokuwamo wakati wa kuunganishwa kilibaki humo bila njia ya kutoka ila kwa kuivunja molekuli yenyewe. Baadaye alitengeneza magereza yenye nyufa, ambayo yakipashwa joto humwachia mfungwa, na mwaka 1991 akaitumia aina hiyo kuihifadhi saiklobutadaini, pete ya kaboni nne isiyotulia hata kidogo, ambayo hadi wakati huo ilichunguzwa katika baridi kali mno kwa kuwa molekuli zake zikikutana hushambuliana mara moja. Ndani ya chumba cha Cram, ambamo hapakuwa na ya pili ya kukutana nayo, iliweza kukaa katika joto la kawaida la maabara. Lilikuwa jambo kubwa, lakini lilikuwa na gharama yake: kila gereza lilihitaji hatua nyingi za usanisi, na lango lililokwisha kufungwa kwa kifungo cha kovalenti halikujua kufunguka na kufungwa tena kwa wepesi ambao kimeng'enya hufanya hivyo mara maelfu kwa sekunde.

Njia ya kutoka katika ugumu huo ilipatikana kwa kurudi kwenye mabakuli yenyewe. Mwaka 1872 Adolf von Baeyer, mkemia wa Kijerumani ambaye baadaye naye alipata Tuzo ya Nobeli, alichanganya resosinoli na aldehaidi mbele ya asidi, akapata vitu asivyoweza kuvieleza umbo lake kwa vyombo vya wakati ule. Resosinoli ni pete ya benzini yenye vikundi viwili vya haidroksili, yaani oksijeni iliyobeba hidrojeni, na hadi leo hutumika katika baadhi ya dawa za kupaka ngozi na katika gundi za kutengenezea matairi. Ilidhihirika katika karne ya 20, kwanza kwa hoja za wanakemia Niederl na Vogel mwaka 1940 na kisha kwa uthibitisho wa eksirei mwaka 1968, kwamba resosinoli nne na aldehaidi nne huungana kwa zamu na kufunga duara. Matokeo yake ni resosinareni: bakuli lenye kuta nne za benzini, ambalo kwenye ukingo wake wa juu zimepangwa haidroksili nane. Haidroksili hizo ndizo kiini cha habari yote inayofuata, kwa sababu kila moja inaweza kutoa hidrojeni yake ishikwe na oksijeni ya jirani, na vilevile oksijeni yake inaweza kushika hidrojeni ya jirani.

Aliyeonyesha mapema kwamba vifungo vya hidrojeni vinatosha kushikilia kapsuli nzima ni Julius Rebek, mzaliwa wa Hungaria aliyefanya kazi katika taasisi ya MIT kisha, tangu mwaka 1996, katika taasisi ya Scripps huko California. Mwaka 1993 yeye na wenzake walitangaza molekuli iliyopinda ambayo nakala zake mbili hukumbatiana kama vipande viwili vya ngozi ya mpira wa tenisi vinavyokutana kwenye mshono, na mshono wenyewe ukiwa ni vifungo vinane vya hidrojeni. Chumba chake kilikuwa kidogo, kikitosha methani au atomi ya zenoni, na kusema kweli molekuli iliyokijenga haikuwa bakuli la pete, lakini kanuni ilikuwa imethibitishwa. Mwaka 1998 kundi lake lilitoka na kitu kikubwa zaidi, kilichotokana moja kwa moja na resosinareni: bakuli lililoongezewa kuta ndefu hadi likawa kama chombo cha maua, ambacho nakala zake mbili hushikana midomo na kufanya mcheduara wenye urefu wa zaidi ya nanomita moja, nanomita ikiwa ni sehemu moja ya bilioni ya mita.

Mcheduara huo unafaa kutazamwa kwa karibu, kwa kuwa unaonyesha jinsi nafasi tupu inavyoweza kufanya kazi ya kikemia. Ukiwekwa katika mchanganyiko wa benzini na parazaileni, ambayo ni benzini iliyoongezewa vikundi viwili vya kaboni kwenye ncha zake mbili, kapsuli hazichukui benzini mbili wala parazaileni mbili. Kila moja humpokea mgeni mmoja wa kila aina, kwa sababu jozi hiyo ndiyo inayoujaza urefu wa chumba bila kubana wala kupwaya. Mwaka 2003 ilionekana kwamba hata tetradekani, haidrokaboni yenye mnyororo wa kaboni kumi na nne ambao ukinyooka ni mrefu kuliko chumba, huingia humo kwa kujipinda kwa mzunguko kama msokoto, mkao ambao mnyororo huo haupendi kuwa nao ukiwa huru ndani ya kimiminika. Kabla ya hapo, mwaka 1998, Rebek na Sandro Mecozzi walikuwa wametoa kutokana na vipimo vya kapsuli kanuni ambayo imedumu: mgeni hukaa vizuri zaidi anapojaza takribani asilimia 55 ya ujazo wa chumba. Kiwango hicho kinakaribiana na sehemu ya nafasi ambayo molekuli huchukua ndani ya vimiminika vya kawaida, na maana yake ni kwamba mgeni anahitaji nafasi ya kujigeuza. Akijaza chumba kupita kiasi hukosa uhuru wa kujongea, na akiwa mdogo mno kuta hazimshiki.

Habari ya namna hii hujulikanaje, ilhali hakuna hadubini ya mwanga inayoweza kuonyesha chumba cha nanomita moja? Chombo kikuu ni kipimo cha usumaku wa viini vya atomi, ambacho msingi wake ndio uleule wa mashine za MRI zinazotumika hospitalini. Kila hidrojeni katika molekuli hutoa ishara mahali fulani kwenye kipimo, kulingana na mazingira yake. Kuta za kapsuli, kwa kuwa zimejaa pete za benzini, hutengeneza usumaku mdogo wa kwao unaomkinga mgeni dhidi ya usumaku wa mashine, na kwa hiyo ishara za mgeni huhama kutoka mahali pake pa kawaida hadi eneo ambalo ishara za vitu vingi hazifiki, pengine hata chini ya sufuri. Mtafiti akiona ishara katika eneo hilo tupu, anajua bila shaka kubwa kwamba kuna mtu ndani.

Ugunduzi uliolipa eneo hili sura yake ya sasa, hata hivyo, haukutokana na molekuli iliyosanifiwa kwa ustadi wa miaka mingi. Mwaka 1997 Leonard MacGillivray na Jerry Atwood, wakiwa katika Chuo Kikuu cha Missouri, walipata fuwele za resosinareni rahisi kabisa kutoka katika nitrobenzini, wakazipiga eksirei, na wakaona kwamba mabakuli sita yalikuwa yamejipanga kama nyuso sita za mchemraba, huku molekuli nane za maji zikikaa kwenye pembe zake nane. Uwazi uliokuwamo ndani ulikuwa na ujazo wa takribani angstromu za ujazo 1,375, angstromu ikiwa ni sehemu ya kumi ya nanomita. Hesabu ya vifungo vyake inapendeza kuifuata. Mabakuli sita yenye haidroksili nane kila moja yana hidrojeni 48 za kutoa, na maji manane yana hidrojeni 16, jumla 64. Kati ya hizo, 60 zimeshikwa na oksijeni jirani, na nne zinazobaki ni za molekuli nne za maji ambazo kila moja ina hidrojeni moja isiyo na pa kushika. Hidrojeni hizo nne zilizobaki, kama itakavyoonekana, hazikukaa bure. Jambo jingine lisilotarajiwa ni kwamba, ingawa bakuli moja likitazamwa peke yake halina upande wa kulia wala wa kushoto, mkusanyiko wote wa vipande kumi na vinne unao, kwa sababu vifungo vyote huelekea kuzunguka upande mmoja.

Kwa miaka michache wengi walidhani kwamba umbo hilo ni la fuwele tu, na kwamba likiyeyushwa husambaratika. Kundi la Rebek, na hasa Liat Avram na Yoram Cohen wa Chuo Kikuu cha Tel Aviv, walionyesha kati ya mwaka 2001 na 2002 kwamba sivyo. Avram na Cohen walipima mwendo wa molekuli ndani ya klorofomu kwa kutumia ukweli kwamba kitu kikubwa hutembea polepole kuliko kidogo, wakakuta kwamba resosinareni hutembea kwa mwendo wa kitu chenye ukubwa wa mabakuli sita pamoja, na kwamba sehemu ya maji yaliyomo katika klorofomu hiyo hutembea nayo. Kwa maneno mengine, mtu akiyeyusha resosinareni katika klorofomu yenye unyevu kidogo, kapsuli huwa zimekwisha kujengwa bila yeye kufanya lolote zaidi. Akiongeza methanoli ya kutosha, ambayo nayo hugombea vifungo vya hidrojeni, zote hubomoka. Kazi yao ya baadaye ilionyesha pia kwamba pirogaloliareni, ndugu wa resosinareni mwenye haidroksili kumi na mbili badala ya nane, ambaye hujenga kapsuli ya mabakuli sita kwa vifungo 72 bila kuhitaji maji, hakubali kuchangamana na resosinareni: aina mbili zikiwekwa katika chupa moja, kila aina hujenga na wenzake.

Hapa ndipo ilipo hoja ambayo makala hii inaiona kuwa kiini cha somo lote, nayo ni kwamba ubora wa kapsuli hizi hutokana na udhaifu wa vifungo vyake. Kifungo kimoja cha hidrojeni cha aina hii huhitaji takribani kilojuli 20 kwa moli kuvunjika, ilhali kile cha kovalenti kati ya kaboni na kaboni huhitaji kilojuli 350 hivi. Fundi anayepanga mawe bila saruji anaweza kuling'oa jiwe lililokaa vibaya na kulipanga upya, jambo ambalo mwenzake aliyekwisha kumwaga zege hawezi. Vivyo hivyo bakuli lililoshikana kombo na jirani yake huachana naye baada ya muda mfupi sana, hujaribu tena, na huendelea kujaribu hadi vifungo vyote 60 vipate mahali pake, na hapo ndipo wingi wao unapofanya kile ambacho kimoja kisingeweza. Udhaifu huohuo ndio unaomruhusu mgeni kuingia na kutoka: katika kapsuli za Rebek mgeni hukaa kwa muda unaoanzia sehemu moja ya elfu ya sekunde hadi saa kadhaa, kutegemea ukubwa wake na ugumu wa mlango. Gereza la Cram halikuwa na sifa hiyo.

Chumba ambacho mgeni anaweza kuingia, kubadilika na kutoka kinakaribia kuwa kimeng'enya, na tangu mwanzo hilo ndilo lililokuwa tumaini la watafiti. Mwaka 1997 Jongmin Kang na Rebek walionyesha kwamba kapsuli iliyokuwa kubwa kidogo kuliko ile ya mpira wa tenisi iliweza kuwachukua wageni wawili na kuharakisha kuungana kwao takribani mara 200. Tatizo lilijitokeza papo hapo: zao la wageni wawili walioungana lilikitosha chumba vizuri mno, likakataa kutoka, na kapsuli haikuweza kupokea wengine. Kikwazo hiki, cha kichocheo kuzibwa na zao lake lenyewe, kimeyakwamisha majaribio mengi ya uwanja huu kuliko kingine chochote, na msomaji anayesikia sifa za kapsuli hizi anapaswa kukikumbuka daima.

Waliokivuka kwa namna yenye manufaa ni pamoja na Konrad Tiefenbacher, aliyekuwa Munich na baadaye Basel. Yeye na Qi Zhang waligundua kwamba kapsuli ya mabakuli sita ni asidi yenye nguvu kiasi, ikiwa na kiwango cha pKa, kipimo ambacho kadiri kinavyopungua ndivyo asidi inavyokuwa kali zaidi, cha 5.5 hadi 6, wakati resosinoli yenyewe ni asidi dhaifu mno yenye pKa inayozidi 9, kwa sababu protoni ikiondoka, chaji hasi inayobaki husambazwa juu ya mtandao mzima wa vifungo. Zaidi ya hapo, pete za benzini za kuta hutuliza vitu vyenye chaji chanya. Mambo hayo mawili, asidi na kuta za kutuliza, ndiyo ambayo mimea huyatumia ndani ya vimeng'enya vyake kutengeneza tapini, familia kubwa ya kemikali ambamo yamo mengi ya manukato ya majani, maua na utomvu. Mwaka 2015 watafiti hao walichapisha ushahidi kwamba ndani ya kapsuli mnyororo mnyoofu wa kaboni kumi hujikunja na kufunga pete kama unavyofanya ndani ya mmea, na miongoni mwa mazao yaliyopatikana imo eukaliptoli, ambayo ndiyo harufu kuu ya mafuta ya mkaratusi. Ili kuthibitisha kwamba kazi inafanyika ndani, waliweka ioni ya amonia iliyobebeshwa minyororo minne ya kaboni, mgeni anayependwa na kapsuli na asiyetaka kutoka, na mmenyuko ukasimama. Uchunguzi wa baadaye ulibaini kwamba chembe za asidi hidrokloriki, ambazo klorofomu huwa nazo inapokaa, ni za lazima: ndizo zinazoyapa protoni yale maji ya kwenye pembe, yenye hidrojeni zisizo na pa kushika, ambayo nayo humkabidhi mgeni.

Mwaka 2018 kundi hilo, likishirikiana na Jeroen Dickschat wa Bonn, lilitumia njia hiyohiyo kutengeneza kwa hatua chache isolonjifolini na isolonjifolenoni. Hii ya pili inastahili kutajwa kwa wasomaji wa ukanda wenye malaria, kwa kuwa watafiti wa Wizara ya Kilimo ya Marekani walikuwa wamekwisha kuonyesha kwamba hufukuza mbu na kupe. Si kweli kwamba kapsuli zitaanza kesho kuzalisha dawa ya kufukuza mbu kwa tani, maana zipo njia za kiwandani za kuipata kutokana na utomvu wa misonobari. Lakini ni kweli kwamba chumba kilichojijenga kutokana na vipande rahisi kimefanya katika chupa ya maabara kazi ambayo hapo kabla iliaminika kuhitaji kimeng'enya kizima chenye mamia ya asidi amino, na ukweli huo pekee una uzito.

Vifungo vya hidrojeni havikuwa njia pekee. Makoto Fujita wa Japani alitangaza mwaka 1995 kasha linalojijenga kutokana na ioni sita za paladiamu na molekuli bapa nne, na huko Berkeley Kenneth Raymond na Robert Bergman walionyesha mwaka 2007 kwamba kasha la galiamu lenye chaji hasi nyingi linaweza kuendesha mmenyuko unaohitaji asidi hata likiwa ndani ya maji yenye besi, jambo ambalo kwa kemia ya kawaida ni sawa na kukana kanuni. Mfano ulio wazi zaidi ni wa mwaka 2009, wakati kundi la Jonathan Nitschke huko Cambridge lilipoiweka fosforasi nyeupe ndani ya kasha la chuma linalojijenga majini. Fosforasi nyeupe huwaka yenyewe inapokutana na hewa. Ndani ya kasha haikuwaka. Sababu yake inafundisha: oksijeni haikuzuiwa kuingia, bali zao ambalo lingepatikana fosforasi ikishikana na oksijeni lingekuwa kubwa kuliko nafasi iliyopo, hivyo mmenyuko haukuwa na pa kuendelea. Walipoweka benzini, ambayo kasha huipenda zaidi, fosforasi ilitoka na kuwa hatari tena kama kawaida yake.

Kapsuli za resosinareni za mabakuli sita zina udhaifu mmoja mkubwa, kwamba huhitaji kiyeyushi kama klorofomu na haziwezi kudumu ndani ya maji mengi, kwa kuwa maji huvishambulia vifungo vilevile vinavyozishikilia. Bruce Gibb, akiwa Chuo Kikuu cha New Orleans, alilikabili hilo kwa bakuli refu lenye vikundi vinane vya asidi kwa nje, ambalo nakala zake mbili huungana majini pale tu anapokuwapo mgeni asiyependa maji, kama vile haidrokaboni, na kani inayozishikanisha ni ile inayoyafanya mafuta yajikusanye mbali na maji. Kwa upande wa tiba, mafanikio makubwa zaidi hadi sasa ni ya pete moja isiyohitaji kufungwa. Sugamadeksi, iliyotengenezwa kutokana na saiklodekstrini ya glukosi nane, yaani pete ya sukari itokanayo na wanga, huikumbatia dawa ya kulegeza misuli iitwayo rokuroniamu baada ya upasuaji na kuiondoa kazini, hivyo mgonjwa akarudisha nguvu ya kupumua kwa dakika chache. Iliidhinishwa Ulaya mwaka 2008 na Marekani mwaka 2015. Hiyo ni pete moja, si kapsuli, na ni haki kusema waziwazi kwamba hakuna kapsuli ya vifungo vya hidrojeni iliyokwisha kufika wodini.

Hukumu ya haki juu ya uwanja huu, basi, ni kwamba umethibitisha kanuni kuliko ulivyotoa bidhaa, na kwamba kanuni hizo ni za thamani kubwa. Lipo jambo moja zaidi ambalo walimu wa kemia wa Afrika Mashariki wangepaswa kulizingatia. Resosinareni hutengenezwa kwa hatua moja: resosinoli na aldehaidi huchanganywa katika ethanoli, huongezwa asidi hidrokloriki kwa uangalifu, hupashwa joto, na zao hujitenga lenyewe kama unga unaochujwa na kuoshwa. Hakuna metali ghali inayohitajika, wala chombo ambacho maabara ya kawaida ya chuo haina, isipokuwa mashine ya kupima usumaku wa viini, ambayo vyuo vinaweza kuchangia au kuomba muda wa kuitumia. Idara zinazowafundisha wanafunzi wa shahada ya kwanza ziliweke zoezi hili katika mtaala wa maabara, ili mwanafunzi atengeneze bakuli kwa mikono yake, aliyeyushe katika klorofomu, na ajionee ishara za mgeni zikihama kutoka mahali pake.